Akina Juma wa Mchikichini

Simama katikati ya soko la Mchikichini, Dar es Salaam, lile ambalo wengi huliita Karume, wakati robota la mitumba linafunguliwa, kisha uite "Juma!" Wataitika zaidi ya mmoja. Nalipenda jina hili kwa sababu hiyohiyo: la mtu mmoja, lakini ndani yake mmejaa watu.

Shina lake la Kiarabu lina maana ya kukusanya. Ijumaa ndiyo siku ya kukusanyika kwa sala, na shina hilo limetuzalia pia jamaa, jamii na jumuiya. Muuza viatu anayekuita "jamaa yangu" anagusa jina la jirani yake bila kujua. Ila jumla, ile ya bei ya Kariakoo, msiiingize kwenye ukoo huu. Shina lake huishia kwa herufi ya lamu, la Juma kwa aini, sauti ambayo Kiswahili hakikuichukua. Kwa kuiacha, tumewafananisha wasio ndugu.

Kilichonivutia zaidi ni hesabu ya siku. Juma likawa siku saba, tukazihesabu wenyewe kuanzia Jumamosi, na tano ikaangukia Jumatano. Kesho yake ni Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni "ya tano", maana wao huanza na Jumapili. Juma letu lina tano mbili, ya Kibantu na ya Kiarabu, zimelala kitanda kimoja na hakuna iliyomfukuza mwenziwe. Ndiyo maana akina Jumanne na Hamisi, wenye majina ya siku wote wawili, hawahesabu kutoka mahali pamoja.

Msichana wa Ijumaa ni Mwajuma: mwana na Juma. Wahausa wa Nigeria, upande wa pili wa bara, humwita mvulana wao Danjuma, yaani mwana wa Ijumaa, na msichana Jummai. Waakan wa Ghana hawakuhitaji Kiarabu. Wao wana Kofi, jina la mvulana wa Ijumaa. Kofi Annan alizaliwa Kumasi siku ya Ijumaa, 8 Aprili 1938. Angezaliwa Mchikichini kwa wazazi Waislamu, huenda angeitwa Juma.

Na pale sokoni asingeachwa na jina hilo tupu. Kuna Juma wa viatu, Juma wa mashuka, Juma mrefu.