Kumhamisha mgonjwa mahututi wa mapafu: Mambo ya kuzingatia

MACHI 2003, mgonjwa mmoja alihamishwa kutoka Hospitali ya Scarborough Grace mjini Toronto, Canada, kwenda Hospitali ya York Central ili asafishwe damu, bila yeyote kufahamu kuwa alikwishaambukizwa SARS.

Ugonjwa huo ukaenea York Central, na kabla ya mwezi kwisha hospitali hiyo ikalazimika kuacha kupokea wagonjwa wapya. Watu 44 walifariki dunia kwa SARS nchini Canada.

Mwaka huohuo, jimbo la Ontario lilianzisha kituo maalumu cha kuidhinisha uhamisho. Kila mgonjwa aliyehamishwa baina ya hospitali alitakiwa kupata namba ya kibali baada ya kuchunguzwa kama ana dalili za maambukizi.

Mbali na kueneza ugonjwa, safari ni hatari kwa mgonjwa mwenyewe. Ndani ya gari linalotembea nafasi ni finyu na msaada uko mbali. Kwa sababu hiyo, anayeelekea kushindwa kupumua huwekewa mpira wa kupumulia kabla ya kuondoka, si njiani.

Oksijeni nayo hupigiwa hesabu. Mgonjwa anayetumia lita 15 kwa dakika humaliza mtungi wa lita 680 kwa dakika 45 tu. Safari ya saa mbili huhitaji lita 1,800, na inashauriwa kubeba maradufu, yaani lita 3,600, kwa tahadhari ya foleni au gari kuharibika.

Anayepumua mwenyewe huvalishwa barakoa ya kawaida iwapo hali yake inaruhusu. Wahudumu huvaa barakoa aina ya N95, miwani, gauni na glovu. Dirisha la kuelekea kwa dereva hufungwa, hewa safi huingizwa, na gari husafishwa kwa dawa baada ya safari.

Hata hivyo, jambo la kwanza ni simu. Daktari anayempeleka mgonjwa huzungumza na atakayempokea, wakathibitisha kitanda, chumba cha kumtenga na mlango wa kuingilia. Kabla ya hapo, gari halipaswi kuondoka.

Maandalizi yakikamilika, hata safari ndefu huwezekana. Machi 26, 2020, Ufaransa iliwasafirisha wagonjwa 20 wa UVIKO-19 kutoka Strasbourg kwa treni ya mwendo kasi iliyogeuzwa kuwa wodi.