Riwaya Mpya ya Kiswahili na Asili Yake Iliyosahauliwa

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili imezoeleka kusemwa kwamba riwaya ya majaribio, yaani ile inayoacha kwa makusudi matukio yanayofuatana kwa mpangilio, mandhari inayotambulika na wahusika wenye jina na ukoo, ilizaliwa mwaka 1990, Euphrase Kezilahabi alipochapisha Nagona, na kwamba kabla ya hapo watunzi walikuwa wametulia katika uhalisia, yaani usimulizi unaojitahidi kuyaonyesha maisha kama yanavyoonekana kwa macho. Kauli hiyo ni sahihi kwa tarehe lakini inapotosha kwa historia, kwa sababu inaufanya uhalisia uonekane kuwa ndio chimbuko la riwaya hii, ilhali ulitawala kwa kipindi cha miaka ishirini hivi tu, na watunzi waliotangulia walikuwa wamekwisha kuisimulia dunia kwa njia ya njozi na safari za mbali.

Ushahidi wa jambo hili umo katika kazi za Shaaban Robert, ambazo kwa muda mrefu zimesomwa zaidi kwa ajili ya maadili yake kuliko kwa umbo lake. Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, ni habari ya nchi iliyo angani, ambako Karama anashtakiwa kwa kutaka kuanzisha mafunzo ya uanasheria na anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa pande sita, yaani kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa yenye faida kwa nchi yao, nao wakalipwa adhabu. Adili na Nduguze, iliyofuata mwaka 1952, inamweka msomaji mbele ya mtu mwema anayelazimika kuwapiga kila usiku manyani wawili ambao kumbe ni ndugu zake wa kuzaliwa. Hakuna hata kimoja katika vitabu hivyo kinachojali kama msomaji ataitambua mitaa au ataweza kuhesabu miaka ya mhusika. Kinachojaliwa ni wazo, na wazo linabebwa na safari. Aliyezaliwa katika hadithi za bibi, katika Alfu Lela Ulela na katika tenzi za kale hakuona ajabu yoyote katika jambo hilo.

Uhalisia uliingia kwa nguvu baada ya uhuru, hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wakati taifa la Tanzania lilipojadiliana na nafsi yake juu ya kijiji, mji, elimu na mali, na watunzi wakahitaji chombo cha kushiriki mjadala huo. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, ikafuatwa na Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed mwaka 1972, na kabla muongo haujaisha Shafi Adam Shafi alikuwa ametoa Kuli, inayohusu wachukuzi wa bandarini na mgomo wa Zanzibar wa mwaka 1948. Hizi ni kazi kubwa, lakini ndani yake tayari mlikuwa na ufa. Katika Dunia Uwanja wa Fujo ya mwaka 1975, Tumaini, kijana aliyetapanya urithi wake kisha akajirekebisha na kuwa mkulima mwenye mali, anamuua kiongozi wa chama anayekuja na siasa ya kuitaifisha mali hiyo, naye ananyongwa. Riwaya haisemi nani alikuwa na haki. Mtunzi ambaye mwaka 1975 hakuweza kuimaliza hadithi yake kwa jibu la kisiasa alikuwa amekwisha kuanza kuondoka katika uhalisia, ijapokuwa ilimchukua miaka kumi na mitano kufika alikokuwa akielekea.

Katika miaka hiyo mambo mengi yalibadilika. Uchumi wa nchi uliyumba, Mwalimu Nyerere aling'atuka urais mwaka 1985, na mwaka uliofuata serikali ilikubali masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa ambayo ilikuwa imeyakataa kwa muda mrefu. Kezilahabi mwenyewe alikamilisha mwaka 1985, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, tasnifu ya udaktari kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Kwa hiyo Nagona na mwenzake Mzingile, iliyotoka mwaka 1991, hazikuja kama pumbao la msomi aliyechoka kusimulia. Zote mbili ni fupi, wala hakuna inayofika kurasa mia, na katika Nagona nafsi msimulizi, yaani sauti ya mimi inayosema ndani ya hadithi, inapita mahali pakame palipojaa ukimya, inakutana na fikra za wakubwa wa Magharibi kama Plato, Darwin na Nietzsche, na mwishowe inafikishwa kwenye Ngoma Kuu, ambako maarifa yanachezwa badala ya kufundishwa. Sentensi zake ni nyepesi na mara nyingi fupi mno. Ugumu wa kitabu hautoki katika msamiati bali katika nafasi iliyoachwa kati ya sentensi na sentensi. Ufundi huo mtunzi alikuwa amejifunza katika ushairi wake huru, ule usiofuata vina na mizani, ambao tangu diwani ya Kichomi ya mwaka 1974 ulikuwa umezua mabishano makali na wanamapokeo, na ni haki kusema kwamba Nagona inasomeka vizuri zaidi mikononi mwa msomaji aliyekwisha kuzoea mashairi hayo. Mzingile, pamoja na mandhari yake ya kutisha ya ulimwengu ulioangamia, inaeleza zaidi na kwa hiyo inagusa kidogo zaidi.

Tofauti kati ya Kezilahabi na Shaaban Robert basi haimo katika njozi. Wajumbe wa Kusadikika hurudi na taarifa inayoweza kusomwa mbele ya baraza, ilhali msafiri wa Nagona hana baraza la kumsikiliza wala taarifa ya kutoa.

Waliofuata waliichukua safari hiyo kila mmoja kwa namna yake. Katama Mkangi wa Kenya, ambaye aliwahi kuwekwa kizuizini katika miaka ya 1980, alimrusha mhusika wake katika Walenisi (1995) hadi nchi ya haki anayoifikia kwa chombo kilichokusudiwa kumuua. Kyallo Wadi Wamitila, katika Bina-Adamu! ya mwaka 2002, alimzungusha msafiri wake mabara kadhaa ili amtafute anayeuharibu ulimwengu wa utandawazi. Ni kazi ya akili nyingi, lakini istiara yake, yaani hadithi moja inayosimama badala ya nyingine, inajieleza upesi mno, na msomaji akishaifumbua habaki na mtu wa kumhurumia. Said Ahmed Mohamed hakuanguka katika shimo hilo. Katika Babu Alipofufuka ya mwaka 2001, mkubwa wa serikali anayeitwa K tu anajiwa na babu yake aliyekwisha kufa na kulazimishwa kuzunguka naye katika nchi aliyoshiriki kuiharibu. Marehemu yule hazungumzi kama falsafa. Anazungumza kama mzee wa Kizanzibari anayemkaripia mjukuu, na kwa sababu hiyo hofu ya K inaaminika. Kwa kipimo chochote cha haki hii ndiyo riwaya iliyokamilika zaidi katika mkondo wote huu.

Wakati huohuo uhalisia haukufa. Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999, inarudi Zanzibar ya miaka ya 1950, ambako Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mwanamume mwenye umri wa baba yake, anatoroka na kupata hifadhi kwa Mwajuma kabla ya kumpenda Denge, mpigania uhuru anayesakwa na polisi. Siasa ya kitabu hiki inapita katika chumba cha Mwajuma, kwa mwanamke asiye na kitu anayempokea aliyekataliwa na jamaa zake, na hilo linafanyika bila hotuba hata moja. Filamu iliyotokana nacho, iliyoongozwa na Amil Shivji, ilitoka mwaka 2021, na ni rahisi kuona kwa nini.

Mikondo yote miwili imetegemea mno kitabu teule, yaani kitabu kilichochaguliwa kutahiniwa shuleni, kwa kuwa wachapishaji wa Afrika Mashariki huishi kwa soko la shule, na riwaya isiyoteuliwa mara nyingi haichapishwi tena. Nagona haikuandikwa ili ijibiwe kwa maswali ya mtihani, na wengi wameijua kwa muhtasari wa mwalimu kabla ya kuishika. Tuzo ya Mabati Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa ajili ya uandishi wa Kiafrika katika Kiswahili, ilifungua mlango mwingine: muswada ulianza kupimwa na wasomaji wa fasihi kabla ya kufika mbele ya wakuza mitaala. Miongoni mwa waliopita mlangoni humo ni Zainab Alwi Baharoon na Mungu Hakopeshwi yake, riwaya ya nyumba inayotawaliwa na baba mkatili, iliyosimuliwa kwa uhalisia mtupu na kwa Kiswahili cha Zanzibar kilichokolea.