Kufifia na Kuchemka: Breki za Magari ya Mashindano na Majina ya Hitilafu Zake

Dereva asemapo kwamba breki za gari lake "zimekosa", fundi hajaambiwa kitu. Huenda pedi zimepata joto kali hata zikapoteza mshiko wake juu ya chuma. Huenda pia mafuta ya breki yamechemka, pedali ikazama hadi sakafuni. Chanzo cha hitilafu hizi ni kimoja, nacho ni joto, lakini tiba zake ni mbalimbali, na katika mashindano ya magari mwenye kuzichanganya huweza kulipa kwa maisha yake. Makala haya yanaifuata historia ya breki za diski ili kuonyesha kwa nini lugha yetu yahitaji majina mawili mahali hapa.

Yafaa kwanza ifahamike kazi ya breki. Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Gari la kilo 1,000 lipunguzapo mwendo kutoka kilomita 200 kwa saa hadi 80 hutoa joto liwezalo kufikisha kiasi cha lita 4 za maji kwenye kiwango cha kuchemka, tena kwa sekunde chache tu. Katika breki ya dramu, ambayo wengine huiita ngoma, viatu husukumwa kukandamiza ukuta wa ndani. Dramu ikipata moto hutanuka na kujitenga na viatu vyake, na joto hubaki limefungiwa ndani. Madereva wa malori washukao mlima wa Kitonga wanaijua habari hii bila ya kusomeshwa. Diski, kwa upande wake, i wazi upepeni, na ikitanuka huzisogelea pedi zilizo kila upande.

Wazo lenyewe si geni. Frederick Lanchester wa Uingereza alipata hataza ya breki ya diski mwaka 1902, lakini vibao vyake vya shaba vilipiga kelele isiyovumilika na kulika upesi. Kilichokosekana kilikuwa kitu cha kukwaruzana na chuma bila ya kuungua. Mwingereza mwingine, Herbert Frood, alikuwa ameanza kazi hiyo tangu mwaka 1897. Jina la biashara la Ferodo limetokana na kupangua herufi za jina lake na kuongeza e. Baadaye asbesto iliingia katika pedi na viatu, ikadumu humo kwa miongo mingi, kwa kuwa haiungui. Vumbi lake liliwadhuru wengi mapafu, na Uingereza ilikamilisha marufuku yake mwaka 1999.

Diski zilithibitika katika mashindano ya Ufaransa. Mwaka 1952 Stirling Moss alishinda mjini Reims kwa Jaguar C-Type yenye diski za Dunlop. Mwaka uliofuata, Tony Rolt na Duncan Hamilton walishinda saa 24 za Le Mans kwa gari la namna hiyo hiyo, kwa wastani wa zaidi ya kilomita 170 kwa saa. Cunningham ya Marekani, iliyokuwa na mbio zaidi kwenye barabara iliyonyooka lakini ikitumia dramu, ilikuja ya tatu. Dereva wa Jaguar aliweza kuchelewa kukanyaga breki katika kila kona, saa baada ya saa, na breki zikamwitikia asubuhi kama zilivyomwitikia jioni. Kwa maoni yangu hilo la kudumu ndilo kubwa, kuliko nguvu ya kukanyaga mara moja.

Mwaka 1955 Mercedes ilikuja Le Mans na dramu, ikaongeza bamba kubwa la kuinuka nyuma ya dereva ili kuzuia upepo. Katika mashindano hayo Jaguar ya Mike Hawthorn ilipunguza mwendo kuingia kituoni. Austin-Healey iliyokuwa nyuma yake ikakwepa. Mercedes ya Pierre Levegh ikaigonga na kurukia watazamaji. Watu zaidi ya 80 walikufa. Uchunguzi haukumtia hatiani dereva yeyote, na si haki kuyatwika mabreki peke yake msiba ule. Hata hivyo, tofauti ya uwezo wa kusimama baina ya magari yaliyokuwa pamoja barabarani ilijadiliwa sana baadaye.

Sasa tuje kwenye uchaguzi. Kifaa kinachoishika diski mafundi hukiita kalipa. Wako watakaopendelea koleo, nami nakiri kuwa ni neno zuri. Lakini kalipa limekwisha kuenea gerejini, na Waingereza wenyewe walilihamisha kutoka kwenye chombo cha kupimia. Tuliache. Ziko kalipa za kuteleza, zenye pistoni upande mmoja, na kalipa za kukaza, zenye pistoni pande zote mbili. Za kukaza hupinda kidogo, na pistoni nyingi hueneza mkandamizo juu ya pedi ndefu, ikalika sawasawa. Lakini pedi huchaguliwa kwa kiwango cha joto itakamofanya kazi. Pedi ya mashindano ikiwa baridi hushika vibaya, na ni hatari kwa mtu aendaye sokoni. Pedi ya barabarani ikipata moto wa mashindano hupoteza mshiko. Breki za kaboni, ambazo Brabham ilizijaribu mwaka 1976, zimezidisha tabia hiyo: hudai moto mkali ndipo zishike.

Hapo ndipo majina yanapohitajika. Pedali ikiwa ngumu na gari halipungui mwendo, pedi ndizo zilizoshindwa: napendekeza *kufifia*. Pedali ikiwa laini na kuzama, mafuta yamechemka na mvuke umeingia katika mirija: hiyo iitwe *kuchemka*. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya unyevu, kiwango chake huruhusiwa kushuka hadi 155. Mwenye breki zilizochemka akinunua pedi ghali amepoteza fedha, na kona ijayo itamkuta vile vile. Wengine wamependekeza *kulegea* kwa yote mawili. Siliafiki, kwa sababu pedi zikififia pedali hailegei hata kidogo.