Paspoti ya Mtoto wa Kambo Aliyezaliwa Nje

Sifa zote njema ni za Allaah.

Tunaulizwa na ndugu waliooa wake kutoka Komoro wenye watoto wa ndoa ya awali: mtoto atapataje paspoti ya Tanzania?

Paspoti hutanguliwa na uraia, na malezi peke yake hayampi mtoto uraia. Njia iliyo wazi ni mama kuomba kwanza uraia akiwa mke wa raia. Akishaupata, Sheria ya Uraia ya 1995 inamruhusu kumwombea mwanawe aliye chini ya miaka 18 uraia wa tajinisi, kupitia Uhamiaji. Tayarisheni cheti cha kuzaliwa cha huko alikozaliwa pamoja na tafsiri yake, cheti cha ndoa, na ridhaa ya maandishi ya baba mzazi, au cheti cha kifo chake.

Wapo wanaotaka njia ya mkato: kumtolea mtoto cheti kipya chenye jina la baba wa kambo. Hilo ni haramu, kwani Suuratul-Ahzaab, aya ya 5, imeamrisha watoto waitwe kwa baba zao. Na kiserikali ni kosa la jinai. Mume ajiandike mlezi. Mtoto huyo hamrithi, lakini anaweza kumuusia hadi thuluthi ya mali yake.

Na Allaah Anajua zaidi.