Nyoka Afananaye na Kijiti

Mtu apitaye msituni huona vijiti vingi vikavu juu ya vichaka, wala havijali. Lakini kimoja katika hivyo huenda kina macho. Twataka kueleza habari za nyoka huyo, na jinsi umbo lake lilivyowadanganya hata wenye elimu.

Mwaka 1844 Edward Hallowell, daktari wa Philadelphia katika Marekani, aliandika habari za nyoka mwembamba aliyetoka Liberia, akamwita kirtlandii. Nyoka huyu hukaa katika misitu toka Afrika ya Magharibi hata Kongo na Uganda. Na ndugu yake mmoja yuko katika misitu ya Usambara.

Tutazame umbo lake. Mwili ni mwembamba kama kidole, lakini urefu waweza kupita mita moja, na mkia ni kama theluthi ya urefu huo. Kwa wepesi wake hujinyosha hewani toka tawi hata tawi asianguke. Rangi yake ni kama ya gome la mti. Mboni ya jicho ni kama tundu la ufunguo lililolazwa, naye huona vema kilicho mbele yake. Hutulia kimya akivizia mjusi au chura.

Kichwa chake ni chembamba, na meno ya sumu hayako mbele ya kinywa kama ya kifutu, bali nyuma, chini ya macho. Kwa hiyo wengi walidhani kwamba nyoka wa namna hii hawawezi kumwua mtu. Mwaka 1957, huko Chicago, Karl Schmidt, bingwa wa elimu ya nyoka, aliumwa kidole gumba na nyoka mwingine wa mitini wa Afrika, mwenye meno ya nyuma vilevile. Hakutafuta matibabu, bali aliandika dalili zake. Kesho yake akafa. Mwaka 1975 Robert Mertens wa Frankfurt, Ujerumani, aliumwa na nyoka wa jamaa ya kirtlandii aliyemfuga mwenyewe, akafa baada ya siku 18.

Sumu hiyo huzuia damu isigande, nayo hufanya kazi polepole. Hata leo kirtlandii hana dawa yake maalum. Basi aliyeumwa asichanjwe wala asingoje maumivu. Atulizwe, apelekwe hospitali upesi. Na sisi tupitao msituni tusinyoshe mkono kabla ya kutazama.