Stesheni Zilizoinuliwa Juu ya Barabara

Mji wa Lubumbashi na reli yake vilianza mwaka mmoja, 1910, wakati njia ya chuma iliyotoka kusini kupitia Sakania ilipofika Élisabethville, kama mji ulivyoitwa enzi hizo, na kwa kuwa ardhi ilikuwa tele, stesheni ilijengwa chini, nayo mitaa, ukiwamo ule uitwao Kenya, ikaja kujipanga baadaye kwa kuizingatia reli. Mji uliokwisha kujaa kabla ya treni kufika hauna nafasi hiyo, na hapo ndipo ulipozaliwa usanifu wa stesheni ya juu, yaani stesheni inayobebwa na nguzo ili treni zipite bila kukatana na magari wala watembea kwa miguu.

New York ilianza majaribio mwishoni mwa miaka ya 1860, lakini reli ya juu ya kwanza duniani kuendeshwa kwa umeme ilikuwa ya Liverpool, iliyofunguliwa mwaka 1893 kandokando ya gati za bandari. Wachukuzi wa bandarini, ambao walijikinga na mvua chini yake, waliiita mwavuli wao, na hawakukosea, kwa sababu jengo la namna hii huwahudumia abiria walio juu na vilevile hubadili maisha ya walio chini. Kutu ndiyo iliyoimaliza: mabati ya chuma yaliyobeba njia yaliliwa, gharama ya kuyabadilisha ikaishinda kampuni, na huduma ikafungwa mwishoni mwa mwaka 1956. Paris, ambako msanifu Jean-Camille Formigé alichora sehemu za juu za metro mwanzoni mwa karne ya 20, ilijali pia uzuri, na nguzo zake za chuma zilitiwa nakshi ili zisiuharibie mtaa sura.

Katika Afrika Mashariki, mfano ulio wazi ni Addis Ababa, ambako reli nyepesi, yaani treni ndogo za umeme za kusafirisha abiria ndani ya mji, ilizinduliwa Septemba 2015 baada ya kujengwa na kampuni ya China kwa mkopo uliotoka zaidi katika benki ya nchi hiyo. Njia zake mbili zina urefu wa kilomita 34 hivi, na sehemu kubwa hupita chini, katikati ya barabara, nyuma ya uzio unaowalazimu wakazi kuzunguka hadi kwenye kivuko ili wafike upande wa pili. Katikati ya mji, hata hivyo, njia hizo huungana na kupanda daraja refu la zege kwa karibu kilomita 3, zikipitia stesheni kama Stadium, Legehar na Mexico, na huko chini magari na watu huendelea kupita.

Legehar inastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa iko jirani na stesheni ya kale ya reli ya Djibouti, reli iliyofika Addis Ababa mwaka 1917. Stesheni hiyo ya kale, iliyokamilika mwaka 1929, ina uso unaoutazama uwanja wenye sanamu ya Simba wa Yuda, na mgeni huitambua kutoka mbali, ilhali ile mpya haina uso wa namna hiyo: ni nguzo, jukwaa la abiria na paa jepesi, na mlango wake hasa ni ngazi. Huo ni upungufu wa kusikitisha katika mji wenye urithi mkubwa hivyo wa ujenzi.

Mabehewa ya reli hiyo nyepesi, kwa upande mwingine, yamebuniwa vizuri, kwani sehemu kubwa ya sakafu yao iko chini, karibu usawa wa jukwaa, hivyo mama aliyebeba mtoto au mzee mwenye mkongojo huingia bila kukwea. Kazi ya kupanda imebaki yote kwenye ngazi za kutoka barabarani, na kwa mtu wa kiti cha magurudumu, lifti ikisimama, sakafu hiyo ya chini haimsaidii kitu, kwa kuwa hawezi kuifikia.