MTORO WA BAGAMOYO: KUANDIKA KAMA KUSIMULIA

Leo tutazungumza habari za mtu wa pwani aliyeandika vizuri kwa sababu alijua kusimulia.

Jina lake Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, karibu na Bagamoyo. Alisoma Kurani, akawa mwalimu. Siku zile Wajerumani walitawala, na Bagamoyo ilikuwa mji wa misafara. Wapagazi walifika kutoka bara, kila mmoja na habari zake.

Mwaka 1900 Mtoro alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Carl Velten, Mjerumani, alikusanya maandishi ya Waswahili. Mwaka 1901 alitoa kitabu cha safari, na safari ya Mtoro ya Udoe na Uzigua imo. Mwaka 1903 kikatoka kitabu cha desturi za Waswahili, na sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro.

Je, alifanyaje? Alifuata njia: jambo la kwanza kwanza, la pili likafuata. Tena aliwaacha watu waseme. Akieleza posa, husemi unasoma sheria. Unasikia mjumbe na wazee wakijibizana.

Mwaka 1905 alirudi kwa meli pamoja na mkewe, Mjerumani. Walipofika Dar es Salaam, serikali ilikataa mke yule asishuke. Wakarudi Ulaya, na Mtoro akafa Berlin mwaka 1927. Yeye hakupata kukaa tena kwao, lakini maneno yake yapo, nasi twayasoma.

Sasa tazama kalamu yako. Mto Ruvu umefurika, nawe wamwandikia ndugu yako aliye mjini: “Mpunga umeharibika. Tuletee fedha.” Ni kweli, lakini hakuona kitu. Jaribu hivi: “Jumatatu alfajiri nilisikia maji mlangoni. Nilipofika shambani, niliukuta mpunga wote umelala. Mama akaniuliza, ‘Mwanangu, tutakula nini?’” Barua ipi itamnyima usingizi?

Lakini angalia. Ngano huanza kwa “Paukwa!” na watu hujibu “Pakawa!”, na uwongo wake haumdhuru mtu. Barua haitaki uwongo. Andika uliyoyaona na uliyoyasikia, basi.

Kazi ya juma hili: andika mistari sita juu ya safari yako moja. Anza pale ulipotoka mlangoni, na mtu mmoja aseme neno. Kisha msomee jirani yako. Akiuliza, “Halafu?”, umefaulu.